Sura ya Sita: Mfupa Ndio Unaolipa

Kwa Kisomali, laf ni mfupa. Mgeni anayefika Lafey akiwa amejifunza neno hilo moja atadhani mji uliitwa hivyo kwa ajili ya mifupa, na nchi yenyewe itamuunga mkono. Kaunti ya Mandera, uliko mji huo, imekalia mawe ya chokaa. Upande wa El Wak kuna jasi tele, na jasi ni kalsiamu iliyoshikamana na salfeti. Maji magumu ya visima vya nchi ya namna hii huacha utando mweupe ndani ya birika, na utando huo ni kalsiamu kaboneti, kemikali ileile iliyomo katika vidonge vingi vya kalsiamu vya dukani. Juu ya yote hayo kuna jua la nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, jua lisilo na msimu wa kupumzika.

Kwa hiyo mama wa Lafey anapopewa karatasi ya maabara inayosema kwamba vitamini D yake iko chini na kalsiamu yake pia iko chini, ana haki ya kuuliza: iweje? Nakaa juu ya chokaa, chini ya jua, katika jamii iliyolelewa kwa maziwa ya ngamia. Sura hii ni jibu la swali lake, na jibu lenyewe halitoki kwenye karatasi peke yake. Namba mbili zilizoandikwa pale hazipimi kitu kimoja, na anayezisoma kana kwamba ni ndugu pacha atapotea njia.

Tuanze na jua. Ngozi hutengeneza vitamini D pale tu miale ya UVB inapoigusa. Miale hiyo haipiti kwenye kioo, haipiti kwenye nguo nzito, wala haipenyi paa la mabati. Asubuhi sana na jioni, jua likiwa limeinama, hufika ardhini kidogo mno. Wataalamu wana kipimo rahisi ambacho hakihitaji chombo: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, miale inayofaa ipo. Kikiwa kirefu, jua unalolihisi ni joto na mwanga, lakini kazi hii halifanyi. Ngozi nyeusi nayo ina rangi inayoikinga, hivyo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile.

Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu 60 waliokuwa wakiishi kwa desturi zao, nje, bila kujifunika sana. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu. Hiyo ni namba ya juu, na waliipata bila kidonge. Ukivuka bahari hadi nchi za Ghuba, kwenye jua kali kuliko la Ulaya yote, utakuta upungufu wa vitamini D umeenea, hasa kwa wanawake, kwa sababu maisha yamehamia ndani ya majengo na mavazi hufunika mwili. Wasomali waliohamia Sweden na Finland wamepimwa mara nyingi, na wanawake wao wamekutwa na viwango vya chini sana, baadhi yao wakiwa wajawazito.

Sasa, Lafey ifananishwe na nani? Na wote. Kijana anayeshinda na ngamia malishoni, kifua wazi mchana kutwa, yuko karibu na Wamaasai wale. Dada yake aliyeolewa katika bulla (mtaa) ya mjini, aliyevaa jilbabu anapokwenda sokoni na kupika chini ya mabati anaporudi, yuko karibu na mwanamke wa Ghuba. Baba na mama yao ni walewale, chungu walichokulia ni kimoja, ila damu zao zinaweza kutoa namba mbili zilizoachana. Tabibu asiyeuliza mtu hushinda wapi tangu saa nne hadi saa tisa amesoma nusu ya kipimo.

Kinachopimwa kwenye karatasi huandikwa 25-OH vitamini D. Hii ni akiba: vitamini iliyokwisha kupita kwenye ini na sasa inazunguka kwenye damu ikingoja kutumika. Hukaa wiki mbili hadi tatu kabla ya nusu yake kuisha, kwa hiyo inasimulia habari za miezi michache iliyopita. Ipo pia vitamini D iliyoamshwa na figo, inayoandikwa 1,25. Maabara nyingine huipima kwa gharama kubwa zaidi na watu hudhani wamepata kipimo bora. Sivyo. Mwili ukiwa na njaa ya vitamini D hujitahidi kuamsha kile kidogo kilichopo, na kipimo hicho kinaweza kutoka cha kawaida, hata cha juu, huku akiba imekauka. Ukitaka kujua ghala, pima ghala.

Kabla ya kuogopa namba, angalia kipimo kilichoandikwa pembeni yake. Maabara nyingine hutumia ng/mL, nyingine nmol/L, na moja ya kwanza ni sawa na mbili na nusu za pili. Karatasi yenye 45 inaweza kuwa habari njema au mbaya. Ikiwa ni ng/mL, mama ana akiba nzuri. Ikiwa ni nmol/L, ni sawa na 18 tu, na yuko chini ya mstari wa 20 ambao taasisi nyingi huuchukua kuwa unatosha kwa watu wengi. Chini ya 12 kwa ng/mL, yaani 30 kwa nmol/L, hapo mifupa huwa hatarini kweli. Kuna chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani ambacho mwaka 2011 kiliuweka mstari wake kwenye 30 kwa ng/mL, na maabara nyingi bado huchapisha namba hiyo na kuandika kila aliye chini yake kuwa mpungufu. Mwaka 2024 chama hichohicho kiliacha kuutetea mstari ule, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe bila sababu. Naona waliamua vyema. Neno “chini” kwenye karatasi limewatia watu wengi hofu na kuwatoa pesa nyingi, hali mtu mwenye 24 asiye na maumivu mara nyingi hana ugonjwa wowote.

Kalsiamu ni kesi tofauti kabisa, na ndiyo inayohitaji subira.

Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Ile iliyomo kwenye damu ni chembe, lakini moyo hauwezi kupiga bila hiyo, misuli haikunji, mishipa ya fahamu haitulii. Kwa hiyo mwili huilinda kwa nguvu zote. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya dengu. Kazi yao ni kuonja kalsiamu ya damu saa zote. Ikishuka hata kidogo, hutoa homoni inayoandikwa PTH, na homoni hiyo hutuma watu watatu: mmoja kwenye figo azuie kalsiamu isitoke na mkojo, wa pili kwenye figo hizohizo aamshe vitamini D ili utumbo unyonye zaidi, na wa tatu kwenye mfupa, akachote.

Huyo wa tatu ndiye anayedanganya karatasi. Mama anaweza kuishi miaka mingi bila kalsiamu ya kutosha kwenye chakula na bila vitamini D ya kuinyonya, apimwe damu, na kalsiamu itoke ya kawaida, milimoli 2.2 au 2.3 kwa lita. Ataambiwa yuko salama. Damu yake iko salama kwa sababu mfupa wake unalipa deni kila usiku. Kalsiamu ikifika mahali ikaonekana imeshuka kwenye damu kwa sababu hii, basi deni limekuwa la siku nyingi na mfupa umeshindwa kulifuata.

Au namba yenyewe si ya kweli. Hili lazima liulizwe kwanza, hasa mahali ambapo ukame na utapiamlo vimepita. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu haiko huru. Imebebwa, sehemu kubwa ikiwa mgongoni mwa protini iitwayo albumini. Mtu akikonda kwa njaa, au akiwa na ugonjwa mkali wa muda mrefu, albumini hushuka, na kalsiamu inayobebwa hushuka pamoja nayo. Ile iliyo huru, ambayo ndiyo moyo na misuli huihitaji, inaweza kuwa imebaki palepale. Chukua mfano: kalsiamu imeandikwa 2.02, chini ya mstari wa takriban 2.1. Albumini ni gramu 28 kwa lita, hali kawaida huchukuliwa 40. Zimepungua gramu 12. Kwa kila gramu moja ongeza 0.02, upate 0.24. Kalsiamu iliyorekebishwa ni 2.26. Mgonjwa huyu hana upungufu wa kalsiamu kwenye damu. Ana upungufu wa chakula, au ana ugonjwa unaokula protini yake, na hilo ndilo la kutafutiwa dawa. Hesabu hii ni makadirio. Kipimo cha kalsiamu huru ni bora zaidi, lakini kinataka damu ipimwe upesi, na si kila mji una mashine yake. Kwa makadirio haya peke yake watu wengi wangeepushwa na vidonge wasivyovihitaji.

Kuna uongo mwingine unaotokana na chupa. Chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau, ile ya kupimia wingi wa damu, ina chumvi inayokamata kalsiamu ili damu isigande. Matone machache yakihamishwa kutoka humo kwenda chupa ya pili, kalsiamu huanguka na potasiamu hupanda juu ajabu. Ukiona kalsiamu ya kutisha pamoja na potasiamu ya kutisha, na mgonjwa amekaa mbele yako anakunywa chai, rudia kupima kabla hujafanya lolote. Upande wa pili, mpira uliofungwa mkononi kwa muda mrefu huipandisha kalsiamu kidogo na kuficha upungufu.

Tukishajua kwamba namba ni ya kweli, tunatafuta majirani zake kwenye karatasi. Fosfeti ndiyo jirani wa kwanza. Upungufu wa vitamini D huishusha kalsiamu na fosfeti pamoja, kwa sababu PTH huimwaga fosfeti kwenye mkojo. Kalsiamu ikiwa chini na fosfeti ikiwa juu, acha kulaumu jua: angalia figo, au uulize kama mgonjwa amewahi kupasuliwa shingo, maana zile tezi nne hujeruhiwa kirahisi. Jirani wa pili ni kimeng'enya kinachoandikwa ALP. Hupanda mfupa unapohangaika kujijenga bila saruji. Kwa mtoto anayekua kiwango cha kawaida ni kikubwa kuliko cha mtu mzima, kwa hiyo mtoto asisomwe kwa mizani ya baba yake. Wa tatu ni magnesiamu, inayopotea kwa kuhara kwa muda mrefu. Ikiisha, zile tezi nne hunyamaza, na kalsiamu haipandi hata ukimpa mtu mfuko mzima wa vidonge mpaka magnesiamu irudi.

Dawa nazo zina neno. Rifampicin ya kifua kikuu, pamoja na phenytoin, phenobarbital na carbamazepine za kifafa, huharakisha ini kuvunja vitamini D. Mgonjwa wa kifua kikuu asiache dawa yake kwa ajili hiyo hata siku moja. Lakini anayesoma karatasi yake ajue kwamba anazimeza.

Mwili wenyewe husema kabla ya maabara. Mtu mzima ambaye mifupa yake imelainika huumwa nyonga, mapaja na mbavu, maumivu ya ndani yasiyo na jeraha, na misuli ya mapaja humwishia nguvu. Mwanamke aliyezoea kuketi mkekani huanza kuinuka kwa kujishika magoti, au kuomba mkono wa binti yake. Wengi huambiwa ni uzee au ni baridi yabisi. Kalsiamu ya damu inaposhuka kweli, ganzi na michomo huzunguka midomo na ncha za vidole, viganja hukakamaa, na mtoto mchanga anaweza kupata degedege bila homa. Degedege ya namna hiyo ni ya hospitali, usiku huohuo.

Watoto wana hadithi yao. Matege, vifundo vya mikono vilivyovimba, utosi usiofunga, mtoto wa mwaka na nusu asiyetembea: mara nyingi tumefundishwa kwamba hayo yote ni jua. Afrika imefundisha jambo lingine. Mwaka 1999 Thacher na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa Nigeria waliokuwa na matege. Jua walikuwa nalo. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu: walikula kama miligramu 200 kwa siku, chakula cha nafaka karibu bila maziwa. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake.

Naliona hili kuwa onyo kwa Lafey. Maziwa ya ngamia yana kalsiamu ya zaidi ya gramu moja kwa lita, na suusac, yaani maziwa hayo yakichachushwa, huihifadhi. Mtoto anayekunywa vikombe viwili amepata sehemu kubwa ya mahitaji yake kabla hajagusa chakula. Kisha mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Mifugo ilikufa, na iliyobaki ikaacha kutoa maziwa. Familia zikahamia pembezoni mwa miji, na chakula kikawa ugali, wali, anjera, na chai yenye maziwa ya kupaka rangi tu. Mahindi na maharage yana fitati, inayoshika hata ile kalsiamu ndogo iliyomo. Unga wa viwandani nchini Kenya huongezwa virutubisho kwa sheria tangu 2012, vikiwemo chuma, zinki, vitamini A na za kundi B, lakini orodha hiyo haina kalsiamu wala vitamini D. Familia iliyohamia mjini imepoteza vitu viwili kwa mkupuo mmoja, maziwa na malisho, yaani kalsiamu na jua. Swali la “mna ngamia wangapi wanaokamwa sasa?” linafaa kuulizwa chumbani kwa daktari kwa uzito uleule wa swali la homa.

Mboga husaidia, ila zisichaguliwe kwa rangi tu. Sukuma wiki hutoa kalsiamu inayonyonywa vizuri. Mchicha unayo nyingi kwenye vitabu lakini huifunga, na mwili hupata kidogo. Maziwa ya unga, mtu akiyapata, hutoa kalsiamu sawasawa na mabichi.

Nani amsomee mama karatasi hii? Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa kwenye basi lililotoka Mandera, na watumishi wengi wa umma waliotoka sehemu nyingine za Kenya, walimu na wahudumu wa afya, hawakurudi tena. Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Kuba walitekwa mjini Mandera wakienda kazini. Kila tukio kama hilo limepunguza macho ya kusoma vipimo katika nchi ya mpakani. Sampuli husafiri mbali, majibu huja kwa simu kama picha, na picha haina mtu wa kuuliza “hooyo (mama), unaumwa wapi?” Ndiyo maana naandika namba hizi kwa Kiswahili cha kawaida. Zinaweza kusomwa na nesi, na mhudumu wa afya wa bulla, na binti aliyemaliza kidato cha nne.

Tiba yenyewe ni ya bei nafuu kuliko kipimo. Mwongozo wa kimataifa wa 2016 unampa mtoto mwenye matege aliye chini ya mwaka yuniti 2,000 za vitamini D kwa siku kwa angalau miezi mitatu, mkubwa kidogo yuniti 3,000 hadi 6,000, na kila mmoja apate pamoja nayo miligramu 500 za kalsiamu, kwenye chakula au kidonge. Vyote viwili kwa pamoja. Mfupa wenye njaa ukipewa vitamini D peke yake unaweza kuikwapua kalsiamu ya damu na kuishusha zaidi. Kwa wajawazito wa jamii zinazokula kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku, kwa sababu hupunguza kifafa cha mimba. Pendekezo hili lingestahili kujulikana Mandera kuliko mahali pengi.

Ninachokiogopa ni sindano. Zipo za vitamini D zenye yuniti laki tatu au laki sita, na mtu anaweza kuchomwa leo kwenye duka moja la dawa na mwezi ujao kwenye lingine, kwa kuwa maumivu hayajaisha. Vitamini hii haitoki na mkojo. Hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi sana kalsiamu hupanda, na mtu hupata kiu isiyoisha, kukojoa mno, kufunga choo, kutapika, kuchanganyikiwa, na figo kuharibika. Anayechomwa aandikiwe tarehe na kiasi kwenye kitabu chake cha kliniki.

Na kuna zile siku arobaini. Mama wa Kisomali akijifungua hukaa ndani na mtoto wake, akitunzwa na mama yake na shangazi, na sioni sababu ya kuigusa desturi inayompumzisha mwanamke aliyechoka. Ila maziwa ya mama hubeba vitamini D kidogo sana, na mtoto huzaliwa na akiba ile tu aliyopewa tumboni. Yuniti 400 za matone kwa siku, tangu kuzaliwa hadi atimize mwaka, hujaza pengo hilo bila kumtoa mtu nje. Zikishapita arobaini, ua wenye ukuta au uzio wa makuti na mikeka humpa mama nafasi ya kufunua mikono na miguu mbele ya wanawe, saa tano ya mchana, kivuli kikiwa kifupi, bila macho ya barabarani.

Chukulia basi mama wa miaka 34, amezaa watoto sita, karatasi yake inasema vitamini D 9 kwa ng/mL, kalsiamu 2.12 baada ya kurekebishwa, fosfeti chini, ALP juu. Kwa haraka mtu angesema kalsiamu ni nzuri. Sasa tunajua nani anayeilipia. Ataanzishiwa vitamini D na kalsiamu, na damu itarudiwa baada ya wiki 12, maana kabla ya hapo akiba haijatulia. Fosfeti itasogea mapema. ALP inaweza kubaki juu kwa miezi, mfupa ukiwa kazini, na hilo lisimtie hofu. Nyumbani binti yake hahitaji maabara. Kila jioni, baada ya maghrib, amtazame mama anapoinuka mkekani, aone kama bado anajishika magoti.